Nimepimwa sidiria 36B lakini haikai, vikokotoo vinasema 32E, wengine 80C. Nishike lipi?

mwali_wa_juzi
Habari zenu wadada (na wakaka kama mpo, hamfukuzwi). Naomba msaada maana nimechoka. Miaka yote navaa 36B kwa sababu dukani mdada alinizungushia futi kamba chini ya matiti akapata inchi 31, akajumlisha 5 akasema mkanda wako 36, afu akapima usawa wa chuchu ikaja 38, akasema tofauti ni 2 basi wewe B, imeisha hiyo, lipa uende. Sasa hiyo 36B kwa nyuma inapanda, mpaka mchana mkanda uko karibu na shingo, kwa mbele matiti yanafurika juu ya kikombe yaani nikivaa tisheti ya kubana yanaonekana manne, kile kipande cha katikati hakigusi kifua kabisa, na kamba za mabegani zinanichimba mpaka alama.

Nikasema basi nijaribu vile vikokotoo vya mtandaoni. Kimoja kimenipa 32E, kingine 32DDD, kingine nilichoweka sentimita kikasema 80C. Sasa mimi na E wapi na wapi? Mimi mwembamba jamani, kifua cha kawaida tu, hakuna mtu aliyewahi kuniona akasema huyu dada kajaliwa. Rafiki yangu yeye anasema nichukue 38 ili isinibane. Nani mkweli hapa?

kungwi_mstaafu
38 usiiguse mdogo wangu, hiyo itapanda mpaka uivae kama mkufu. Mkanda ukipanda nyuma maana yake ni mpana, sio mdogo, na watu wengi wanakimbilia upande huo huo wa kuongeza namba kwa sababu wanasikia wanabanwa, kumbe kinachobana ni kikombe na sio mkanda.

Tuanze na hiyo ya kujumlisha 5. Hiyo hesabu ni ya zamani sana, enzi ambazo kitambaa cha sidiria kilikuwa hakivutiki kama hizi za sasa zenye lastiki. Sasa hivi mkanda wenyewe unavutika, ukimuongezea mtu inchi 4 au 5 juu ya mbavu zake unampa kitu kinachopwaya hata kabla hajatoka dukani. Na ukishamuongezea kwenye mkanda unampunguzia kwenye kikombe, maana herufi inatokana na tofauti. Ndo maana duniani kila mwanamke "ni B".

Herufi peke yake haina maana yoyote, hili naomba ulishike. Kusema "mi ni E" ni kama kusema mfuniko wangu mkubwa bila kutaja sufuria. Herufi ni tofauti kati ya namba ya mkanda na kipimo cha juu, kila inchi herufi moja: 1 ni A, 2 B, 3 C, 4 D. Baada ya hapo nchi zinaachana njia, Uingereza 5 ni DD, 6 ni E, 7 ni F, 8 ni FF, Marekani wao 5 ni DD afu 6 wanaandika DDD, wengine wanaiita F. Kwa hiyo 32E yako na 32DDD yako ni kitu kimoja, vikokotoo havijagombana hapo. Wewe 31 tunapandisha mpaka 32 kwa sababu namba za mkanda zinakwenda mbilimbili, 38 toa 32 inabaki 6, ndo E hiyo.

Na E ya 32 sio E ya 40. Ukipanda mkanda namba moja unashuka herufi moja ndo ujazo unabaki ule ule, kwa hiyo 32E kikombe chake kinalingana na 34DD, kinalingana na 36D, kinalingana na 38C. Sasa angalia, wewe unavaa 36B. Umepungukiwa vikombe viwili. Hayo matiti manne yanatoka huko.

sindano_na_uzi
Kungwi kasema vizuri ila hapo kwenye 32 nataka nimuweke breki kidogo. Mi nashona na kurekebisha hizi nguo, nazifumua naona ndani, na nawaambia namba ya lebo sio sheria.

Hiyo 80C yake haijatoka hewani. Ulaya wanaotumia sentimita namba ya mkanda ni kipimo chenyewe cha chini ya matiti, yaani mwenye sentimita 78 mpaka 82 anapewa 80, na A yao haianzi kwenye tofauti ndogo, inaanza tofauti ikiwa 12 mpaka 14, B 14 mpaka 16, C 16 mpaka 18, inapanda mbilimbili. Dada yetu 31 ni kama 79, 38 ni kama 96 na nusu, tofauti 17 na kitu, ndo hiyo C. Sasa jedwali la kubadilisha linasema 70 ni sawa na 32, 75 ni 34, 80 ni 36. Hebu chukua futi kamba uangalie sentimita 70 ni inchi ngapi. 27 na nusu! Mnaona? Ile ya kujumlisha 4 mnayosema imekufa bado imejificha ndani ya jedwali, na viwanda vingine bado vinakata mkanda wao kwa hesabu hiyo. Wafaransa ndo kabisa, wanaongeza 15 juu ya hiyo ya sentimita, 75 wao wanaandika 90, Australia 34 wanaiita 12. Kwa hiyo usije ukaagiza kitu mtandaoni kwa kuangalia namba tu bila kujua ni namba za nchi gani.

Ushauri wangu asing'ang'anie 32 wala asing'ang'anie 36. Achukue 32E na 34DD aingie nazo chumba cha kujaribia zote mbili, vikombe ujazo sawa, kinachojaribiwa hapo ni mkanda tu. Kuna mtu ana nyama laini mbavuni akivaa mkanda mdogo unazama vizuri wala hasikii, kuna mwingine mbavu ziko juu juu namba hiyo hiyo inamkata pumzi. Futi kamba haikuambii hilo.

Na namna ya kujaribu mkanda, ivae kinyume. Vikombe viwe mgongoni, kulabu mbele, ufunge kwenye kulabu ya mwisho ile ya kulegea kabisa. Hapo matiti hayapo ndani ya kikombe kwa hiyo hayakudanganyi. Ukiweza kuingiza vidole viwili ukavivuta vikakaza, mkanda ni wako. Ukiweza kuingiza ngumi, rudisha. Ukiona unabana kinyume namna hiyo basi kweli ni mdogo, ila ukibana ukiivaa sawasawa tu na kinyume haubani, kikombe ndo kidogo kinavuta mkanda kwa mbele.

kungwi_mstaafu
@sindano_na_uzi nakubali hiyo ya jedwali, lakini hao wanaojumlisha 5 bado siwasamehe 😂

mwali_wa_juzi
Aisee kumbe ni somo zima. Swali moja, kulabu kwa nini ya mwisho? Mi huwa nafunga ya katikati kila siku toka ikiwa mpya.

sindano_na_uzi
Kwa sababu lastiki inachoka. Mpya ikae vizuri kwenye kulabu ya kulegea, afu ikianza kulegea unahamia ya katikati, afu ya ndani. Ukiinunua mpya inakukaa vizuri kwenye kulabu ya ndani kabisa, siku ikilegea utahamia wapi? Ndo maana hata za mtumba nawaambia watu wavute mkanda kwanza, ukivuta usiporudi upesi mahali pake iache hapo hapo hata kama ina lesi ya kupendeza namna gani, kitu kinachokubeba ni mkanda. Kamba za mabegani kazi yake ni kuweka kikombe mahali pake tu. Kamba zikikuchimba maana yake mkanda umegoma kazi umezisukumia kamba, na wewe unazidi kuzikaza, zinazidi kuvuta nyuma ipande. Mduara huo hauishi mpaka ubadilishe mkanda.

pili_pilika
Hamjamwambia jinsi ya kuivaa sasa, na hapo ndo watu wengi wanachemka. Watu wanafungia mbele wanaizungusha wanapandisha kamba basi wametoka. Hapana. Ukishaifunga inama kidogo, mkono wa kulia uingize kwenye kikombe cha kushoto mpaka kule kwapani, ile nyama yote iliyojificha pembeni uichote uilete mbele ndani ya kikombe, afu na upande wa pili. Ndipo usimame ujiangalie. Nyama ya ziwa inaanzia kwapani kabisa, sio unayoiona mbele tu, na waya wa chini ya kikombe unatakiwa uizunguke yote ukalale kwenye mbavu, sio ukalie ziwa. Ukiuona waya umekanyaga nyama pembeni hicho kikombe ni chembamba au kidogo.

Mtu akifanya hivyo mara ya kwanza kikombe alichoona kinamtosha kinafurika hapo hapo anashangaa. Mi dadangu alikuwa analalamika ana vinyama vya kwapani anataka kufanya mazoezi viishe, kumbe ni ziwa lake mwenyewe limesukumwa na waya miaka na miaka 😅

Na kupima kwenyewe, kipimo cha chini vuta futi kamba ikaze, toa pumzi, hakikisha nyuma haijashuka wala kupanda (mtu mwingine akushikie ni bora, au simama kwenye kioo). Kipimo cha juu usipime umesimama tu, matiti yakiwa yameanguka au ni laini utapata kidogo. Pima umesimama, afu inama mpaka mgongo ulale kama meza pima tena, futi kamba iguse tu isibane, uchukue katikati ya hizo mbili. Pima bila sidiria au na ile nyepesi isiyo na sponji. Na usipime zile siku za karibu na hedhi kama we ni wale wanaovimba, utanunua sidiria ya wiki moja.

baba_wa_mapacha
Samahanini naingilia. Nataka kumnunulia mama watoto kama zawadi, sasa nikisoma hapa naona kama mtihani wa hesabu wa darasa la saba. Mi nafanyaje bila yeye kujua?

pili_pilika
Shemeji fungua kabati lake, usiangalie ile mpya, tafuta ile inayovaliwa mpaka imechakaa, ndo anayoipenda. Soma lebo kisha chukua kampuni ile ile mtindo ule ule, rangi ndo ubadilishe. Na risiti uitunze ili abadilishe. Usimuelezee muuzaji kwa mikono tafadhali.

baba_wa_mapacha
Lebo imefutika 😭

kungwi_mstaafu
Basi mpe hela akanunue mwenyewe, nayo ni zawadi.

mama_chausiku
Mi naomba niulize hapa hapa nisifungue nyingine. Ziwa langu moja kubwa kuliko lingine, sio kidogo, linaonekana. Nikivaa inayolitosha dogo, kubwa linafurika, nikivaa ya kubwa, dogo linaacha nafasi mpaka kitambaa kinakunjamana. Afu nanyonyesha, mtoto bado mchanga, sijui hata kama ninunue sasa hivi au nisubiri. Na mama mkwe ananiambia waya unaleta kansa nisivae kabisa.

nesi_wa_zamu
Pole mama, na hongera kwa mtoto. Nijibu hilo la kansa kwanza maana linatisha watu bure. Sidiria hazileti kansa ya matiti, ziwe na waya au zisiwe nao. Kuna utafiti ulitoka 2014, ulifanyika eneo la Seattle kule Marekani, wakawachukua wanawake waliokoma hedhi wenye kansa na wasio nayo wakawauliza kila kitu, saizi ya kikombe, waya, saa wanazovaa kwa siku, walianza kuvaa na umri gani, hawakukuta uhusiano wowote. Kwa hiyo mama mkwe umuheshimu ila hilo hapana.

Lakini kwa sasa hivi namuunga mkono kwa sababu nyingine. Unaponyonyesha ziwa linabadilika ndani ya siku moja, asubuhi limejaa, mtoto akishiba limelegea, sasa waya hauna mahali pa kukaa, na chochote kinachokandamiza sehemu moja muda mrefu kinaweza kuchangia mirija ya maziwa kuziba, inavimba inauma. Vaa laini isiyo na waya, inayovutika, ya kufungua mbele kwa mtoto. Na usinunue nyingi sasa, wiki za mwanzo maziwa hayajatulia, subiri yatulie ndo upime tena. Ukiacha kunyonyesha utapima tena vile vile, usishangae namba ikibadilika.

Kuhusu ukubwa kutofautiana, ni kawaida kabisa, wengi wetu hayalingani ni vile tu kwa wengine haionekani. Ila kama tofauti imetokea ghafla, au unasikia uvimbe, au ngozi imekunjamana, au chuchu imeingia ndani wakati haikuwa hivyo, hapo sio suala la sidiria tena, nenda hospitali ukaangaliwe. Na ukinyonyesha ukaona sehemu imekuwa nyekundu na homa juu yake, usisubiri kesho.

sindano_na_uzi
Niongezee kwa mama_chausiku upande wa nguo. Siku zote unanunua kwa ziwa kubwa. Kubwa likikaa, dogo linatafutiwa dawa, likibanwa kubwa hakuna dawa. Tafuta zile zenye kimfuko ndani ya kikombe ambacho unaweza kutoa sponji, upande wa kubwa unatoa, upande wa dogo unaacha, na kamba ya upande wa dogo unaifupisha kidogo. Au chukua ya kitambaa kinachovutika kwa juu, lesi yenye lastiki inafuata umbo lenyewe. Zile ngumu zilizofinyangwa kiwandani kama bakuli ndo zitakusumbua, hizo zina umbo lake tayari na ziwa lako linatakiwa lijae hilo umbo, lisipojaa linaacha nafasi.

Na hapo niseme na wengine, nafasi juu ya kikombe sio lazima iwe kikombe kikubwa. Muangalie mtu ambaye matiti yake yamejaa zaidi chini kuliko juu, yeye akivaa ile ndefu inayofunika mpaka juu itaacha nafasi hata iwe saizi gani, anahitaji iliyokatwa chini zaidi. Na saa nyingine kikombe ni kidogo kiasi kwamba ziwa haliingii mpaka chini, linakisukuma kitoke mbele, juu kunaonekana wazi, mtu anasema nipunguzie. Angalia kipande cha katikati kabla hujapunguza. Kama hakijagusa mfupa wa kifua usipunguze, ongeza. (Isipokuwa matiti yako yamekaribiana sana katikati, hapo hicho kipande kitakuumiza, tafuta chenye katikati nyembamba na fupi.)

mjuaji_wa_zamani
Kwa wanaopenda historia, hizi herufi zenyewe hazina hata miaka mia. Kampuni moja ya Marekani, S.H. Camp, ndo ilianza kutumia A mpaka D mwaka 1932. Ziliishia D! Kwa hiyo hiyo imani kwamba D ndo mwisho wa ukubwa imetoka kwenye karatasi ya tangazo, miili ya watu haikuulizwa.

mwali_wa_juzi
Wapendwa nimerudi na ripoti. Nimekwenda na list yangu nikawaambia sipimwi naomba tu chumba. 32E kikombe kilikaa sawa kabisa, kipande cha katikati kikagusa kifua mara ya kwanza maishani mwangu nikabaki nakibonyeza, lakini mkanda aisee, nikafanya ile ya kinyume ya @sindano_na_uzi hata kidole kimoja kwa shida, nikikaa chini unanikata. Nikachukua 34DD, kinyume vidole viwili vikaingia vikakaza, nikageuza, nikachota kwapani kama alivyosema pili, imekaa. Nikainua mikono juu haijapanda. Nikaruka ruka mle ndani kama kichaa haijatoka. Muuzaji nje ananiuliza dada uko salama?

Kilichonishangaza na tisheti naonekana mdogo kuliko na ile 36B. Nilidhani DD itanifanya nionekane nimebeba matikiti.

Ila nyingine ya mtindo tofauti 34DD hiyo hiyo kampuni hiyo hiyo ikanigomea, waya unanigusa karibu na kwapa unachoma. Hiyo ni saizi au ni nini?

sindano_na_uzi
Safi sana. Hiyo ya kuchoma, waya wake ni mrefu au umepinda mduara mpana kuliko chanzo cha ziwa lako, ujazo ni ule ule ila umetawanywa kwa upana badala ya kwenda mbele. Usibadilishe herufi, badilisha mtindo, tafuta ya mshono, yenye vipande viwili vitatu vya kikombe, mara nyingi zinakwenda mbele zaidi kuliko za sponji. Na usiukunje waya na koleo kama nilivyoletewa moja hapa, unakatika unatoboa kitambaa unaishia kwenye mbavu.

mwali_wa_juzi
Sawa nimeelewa, asanteni. La mwisho, nimenunua mbili tu, za kufua je? Mashine naweza?

pili_pilika
Mkono, maji ya baridi, sabuni kidogo, usiikamue kwa kuisokota, ibonyeze ndani ya taulo. Ukilazimika mashine funga kulabu kwanza uitie kwenye mfuko wa wavu, na usiianikie kwenye joto kali wala kile kikaushio, joto ndo linaloua lastiki. Anika kwa kuikunja katikati juu ya kamba, usiitundike kwa kamba za mabegani, zikilowa zinavutika. Na usivae ile ile kila siku, leo hii kesho ile, mkanda upate siku ya kurudi mahali pake.

mama_chausiku
Naomba jina la huo mfuko wa wavu, dukani nitaulizaje?

pili_pilika
Sema tu mfuko wa kufulia nguo za ndani, una zipu. Ukikosa chukua foronya uifunge kwa uzi juu, kazi ile ile.